Malcolm X: Mhubiri aliyekubali kufundishwa kuswali

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, katika Ijumaa hii tukufu tunayaangalia maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana duniani kote, Malcolm X, ambaye baada ya kuhiji aliitwa El-Hajj Malik El-Shabazz. Wengi wetu tunamfahamu kama mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi. Wachache wanafahamu kwamba mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 38 na akiwa amekwisha kuhubiri kwa zaidi ya miaka kumi kwa jina la Uislamu, alikaa kitako katika bweni la mahujaji kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah, akafundishwa namna ya kuswali kama anavyofundishwa mtoto wa chuoni.

Hapo ndipo penye somo letu la leo.

Utoto wa misiba

Malcolm Little alizaliwa tarehe 19 Mei, 1925, katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, nchini Marekani. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wajitegemee na waitazame Afrika kuwa ndiyo asili yao. Mama yake, Louise, alizaliwa katika kisiwa cha Grenada. Kwa sababu ya msimamo wa baba, familia iliandamwa na wabaguzi. Mwaka 1929 nyumba yao iliyokuwa Lansing, Michigan, iliteketea kwa moto. Mwaka 1931 baba alifariki baada ya kukanyagwa na gari la reli la mjini, na familia iliamini kuwa aliuawa na wazungu wenye chuki.

Mama akabaki na kundi la watoto wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Alijitahidi hadi akili yake ikashindwa kuhimili, na mwaka 1939 akapelekwa katika hospitali ya maradhi ya akili, alikokaa zaidi ya miaka ishirini. Watoto wakatawanywa katika nyumba za watu mbalimbali.

Malcolm alikuwa mwanafunzi hodari. Siku moja alimweleza mwalimu wake kwamba angependa kuwa mwanasheria. Mwalimu akamjulisha kuwa hiyo si kazi ya mtu mweusi, na akamshauri afikirie useremala. Kijana akavunjika moyo na kuacha shule. Akahamia Boston kwa dada yake Ella, kisha akaingia Harlem, New York. Huko alizama katika kamari, dawa za kulevya, biashara haramu na hatimaye wizi wa kuvunja nyumba. Mwaka 1946, kabla hajatimiza miaka 21, alihukumiwa kifungo cha miaka minane hadi kumi.

Magoti yaliyokataa kupinda

Akiwa gerezani, ndugu zake walianza kumpelekea habari za kikundi walichojiunga nacho, Nation of Islam, kilichoongozwa na Elijah Muhammad. Mdogo wake Reginald alimtaka aache nyama ya nguruwe na sigara. Malcolm akaacha vyote viwili, na wafungwa wenzake wakashangaa, kwani walimjua kwa ukafiri wake na ulimi wake mchafu.

Katika gereza la Norfolk, lililokuwa na maktaba kubwa, alijisomesha upya. Alinakili kamusi kwa mkono wake, ukurasa baada ya ukurasa. Alisoma usiku kwa mwanga hafifu uliopenya kutoka ukumbini hadi macho yake yakadhoofika na akalazimika kuvaa miwani.

Lakini katika yote hayo, jambo lililomwia zito zaidi lilikuwa kupiga magoti na kuomba. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ilimchukua wiki nzima. Kila alipojaribu kuinama, aibu na kiburi vilimnyanyua tena. Mtu aliyekuwa hodari wa kuvunja nyumba za watu hakuweza kuivunja nafsi yake. Mwishowe aliinama. Ulikuwa mwanzo wa safari ndefu, ingawa njia aliyoshika wakati huo haikuwa bado njia iliyonyooka.

Mhubiri wa Nation of Islam

Alitoka gerezani mwezi Agosti 1952. Akaacha jina la Little, ambalo aliliona kuwa ni jina la bwana aliyewamiliki babu zake katika utumwa, akachukua herufi X badala ya jina la asili lililopotea. Mwaka 1954 alikabidhiwa Hekalu Namba Saba la Harlem. Alikuwa na kipaji cha kusema, na kwa juhudi zake kikundi kilienea katika miji mingi ya Marekani. Mwaka 1958 alimuoa Betty Sanders, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku mabinti sita, wawili wa mwisho wakiwa mapacha waliozaliwa baada ya kifo chake.

Ni vyema ikafahamika wazi kwamba mafundisho ya kikundi hicho yalitofautiana na Uislamu katika misingi. Kilifundisha kuwa Mungu alidhihiri katika umbo la mtu aliyeitwa Fard Muhammad, kuwa Elijah ni mjumbe, na kuwa wazungu wote ni mashetani kwa maumbile. Saumu yao ilifungwa mwezi Desemba badala ya Ramadhani. Katika mikutano yao watu waliketi vitini kusikiliza hotuba, wala hapakuwa na safu za swala kama tuzijuavyo.

Hata hivyo, haki haina budi kusemwa. Kikundi hicho kiliwatoa watu wengi katika ulevi, uzinzi na uhalifu, na Malcolm alikuwa mmoja wao. Kwa miaka 12 alikitumikia kwa uaminifu, hakuiba senti wala hakurejea katika maovu yake ya zamani.

Mara kwa mara, baada ya hotuba zake, Waislamu kutoka nchi za Kiarabu na Afrika walimfuata na kumweleza kwa upole kwamba Uislamu sio ule. Yeye alimtetea kiongozi wake. Lakini mwaka 1963 aligundua kuwa kiongozi huyo, aliyewakataza wafuasi wake zinaa, alikuwa amezaa watoto nje ya ndoa na makatibu wake. Mwishoni mwa mwaka huo huo alifungiwa kuzungumza hadharani kwa sababu ya kauli yake kuhusu kuuawa kwa Rais Kennedy. Mwezi Machi 1964 alitangaza kujitenga na kikundi.

Jeddah: mwalimu anakuwa mwanafunzi

Hapo ndipo alipokumbuka wale Waislamu waliomnasihi. Alimwendea Dk. Mahmoud Youssef Shawarbi, msomi wa Kimisri aliyekuwa akiishi New York, akasoma kwake, na kwa idhini yake akapata viza ya Hijja. Dada yake Ella alimpa fedha za safari. Tarehe 13 Aprili, 1964, aliondoka Marekani akipitia Ujerumani na Misri. Cairo alivaa ihramu, shuka mbili nyeupe kama mahujaji wengine, akapanda ndege kuelekea Jeddah.

Alipofika alizuiwa. Pasi yake ya Marekani na kutojua Kiarabu viliwatia shaka maofisa, na akaambiwa kuwa lazima afikishwe mbele ya mahakama ya Hijja, ithibitike kama kweli ni Muislamu. Wakati akisubiri alipelekwa katika bweni la mahujaji pale uwanjani. Humo walikuwemo watu wa kila rangi na lugha, wamekaa juu ya mazulia yao, wengine wakila, wengine wakilala, na ulipoingia wakati wa swala wote wakasimama.

Malcolm hakujua la kufanya. Mtu ambaye maelfu walikuwa wakikusanyika kumsikiliza alitazama huku na huko akiwaiga waliokuwa kando yake. Kijana aliyekuwa mwongozaji wa mahujaji akaelewa, akaanza kumwonesha namna ya kusimama, kurukuu, kusujudu na kukaa. Viungo vyake havikuzoea. Alimung'unya maneno ya Kiarabu asiyoyajua. Alipobaki peke yake aliendelea kujizoeza huku mwongozaji mwingine akimtazama. Baadaye alikiri bila kificho kwamba ilimfedhehesha kuona kuwa alikuwa mhubiri aliyejiita Muislamu, na hajui swala.

Ndugu msomaji, tafakari hapo. Angeweza kukasirika. Angeweza kusema kuwa yeye ni mtu mkubwa, picha zake ziko katika magazeti. Angeweza hata kurudi kwao. Hakufanya lolote katika hayo. Alikubali kuwa hajui, akajifunza.

Kisha akakumbuka kuwa amepewa namba ya simu ya Dk. Omar Azzam, mhandisi aliyekuwa akiishi Jeddah, mtoto wa Abdul Rahman Azzam ambaye aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi za Kiarabu. Dk. Azzam alifika mara moja. Familia hiyo ikampokea kwa ukarimu usio na kifani, na mzee Azzam akamwachia chumba chake cha hoteli. Malcolm alistaajabu, kwa kuwa watu hao, lau wangekuwa Marekani, wangehesabiwa kuwa wazungu, na yeye hakuwa na chochote cha kuwalipa. Siku iliyofuata alihojiwa na kadhi wa mahakama ya Hijja, akakubaliwa, jina lake likaandikwa miongoni mwa mahujaji wa kweli.

Makka na Arafa

Mwezi wa Dhul-Hijja 1383 alitufu Kaaba pamoja na umati wa waumini. Alisai baina ya Safa na Marwa, akasimama Arafa, akalala Muzdalifa chini ya anga wazi, akaenda Mina kumtupia shetani mawe. Alikula sahani moja na watu wenye macho ya buluu na nywele za dhahabu, akanywa katika chombo walichonywea wao, akaswali bega kwa bega nao, na hakuona kwao ile dharau aliyoizoea tangu utotoni.

Kutokana na hayo aliandika barua kwa mkewe, kwa dada yake, kwa Dk. Shawarbi na kwa wasaidizi wake Harlem. Alieleza kuwa ameacha itikadi ya kumhukumu mtu kwa rangi yake, na kuwa kumwamini Mungu Mmoja kunaweza kuyaondoa maradhi ya ubaguzi. Alijua kuwa barua hizo zingewaudhi baadhi ya wafuasi wake, kwani wengi walimpenda kwa ukali wake dhidi ya wazungu. Aliziandika hivyo hivyo, na akataka zifikishwe kwenye magazeti.

Isidhaniwe kuwa Hijja ilimfanya asahau dhulma. Aliporejea New York mwezi Mei aliendelea kuikemea serikali yake, na mwezi Juni akaunda jumuiya ya kutetea haki za watu wenye asili ya Afrika. Kilichobadilika ni kipimo. Zamani alimpima mtu kwa ngozi. Sasa alimpima kwa matendo yake.

Baada ya Hijja

Wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba Malcolm alibadilika siku moja, akaisha. Ukweli ni kwamba baada ya Hijja ndipo kazi ilipoanza. Mwezi Julai alisafiri tena, akakaa Afrika na Mashariki ya Kati hadi Novemba 1964. Mjini Cairo alijifunza dini zaidi kwa msaada wa wanazuoni wa Al-Azhar. Mwezi Septemba alirudi Makka, akafanya Umra na kusoma. Alipata nafasi za masomo katika vyuo vya Kiislamu vya Misri na Madina kwa ajili ya vijana wa Kimarekani, na Rabita ya Makka ikampa mwalimu wa kwenda naye New York, Sheikh Ahmed Hassoun kutoka Sudan, ili awafundishe watu wake swala na Qur'ani. Mtu aliyeona aibu ya kutojua alihakikisha kuwa waliomfuata wanapata wa kuwafundisha.

Katika safari hiyo alifika pia kwetu Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 1964 alikuwa Nairobi na Dar es Salaam, wakati ambapo Muungano wa Tanganyika na Zanzibar haujatimiza miezi sita. Alionana na Rais Julius Nyerere, na alifuatana na Abdulrahman Mohamed Babu, waziri kutoka Zanzibar, ambaye mwezi Desemba mwaka huo alisimama naye jukwaani Harlem.

Mabadiliko yalionekana pia katika mambo madogo. Miaka ya nyuma msichana wa kizungu, mwanafunzi wa chuo, alimfuata na kumwuliza afanye nini kusaidia. Alimjibu kwamba hakuna awezalo kufanya, na msichana akaondoka akilia. Baada ya Hijja Malcolm alilitaja jambo hilo kwa majuto. Nafsi ambayo zamani ilijivunia ukali sasa ilijihesabu.

Kifo

Siku zake zilikuwa chache. Kikundi alichokihama kilimfungulia kesi ya kumtoa katika nyumba aliyoishi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari, 1965, nyumba hiyo ilirushiwa mabomu ya petroli wakati yeye, mkewe mjamzito na watoto wamelala. Mwenyezi Mungu akawanusuru. Wiki moja baadaye, Jumapili tarehe 21 Februari, katika mwezi wa Shawwal 1384, alipigwa risasi mbele ya mkewe na watoto wake alipokuwa akianza kuzungumza katika ukumbi wa Audubon, Harlem. Alikuwa na umri wa miaka 39. Haukuwa umetimia mwaka mmoja tangu alipofundishwa kuswali.

Sheikh Ahmed Hassoun ndiye aliyesimamia kuoshwa kwake na kuvishwa sanda kwa taratibu za Kiislamu. Alizikwa tarehe 27 Februari katika makaburi ya Ferncliff, jimbo la New York, wala hakuacha mali. Mwaka 1966 watu watatu walihukumiwa kwa mauaji hayo. Wawili kati yao, ambao daima walikana, walisafishwa na mahakama mwezi Novemba 2021, mmoja akiwa amekwisha kufariki.

Mjane wake, Bibi Betty Shabazz, alikwenda kuhiji mwaka huo huo wa 1965, kisha akawalea mabinti wote sita. Elijah Muhammad alipofariki mwaka 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed, ambaye alikuwa rafiki wa Malcolm, aliwaongoza wengi wa wafuasi hao katika Uislamu wa Sunna, wakaanza kufunga Ramadhani na kupanga safu za swala. Louis Farrakhan alikifufua baadaye kikundi cha zamani, lakini walio wengi hawakurudi. Hekalu la Harlem alilolihudumia Malcolm sasa ni msikiti unaobeba jina lake.

Mazingatio

Ndugu Waislamu, katika maisha haya yamo mafunzo mengi, lakini tuyashike mawili.

La kwanza ni kuhusu aibu ya kujifunza. Katika majumba yetu wamo akina baba na akina mama wasiojua kuisoma Alhamdu sawasawa, au wasiojua nguzo za swala wanayoiswali miaka thelathini. Wanajua kuwa hawajui, lakini wanaona haya. Baba anaogopa kukaa darsani na vijana, mama anaogopa mtoto wake wa madrasa atamcheka. Matokeo yake ni kwamba wengine huacha swala kabisa, na wengine huishi na makosa yale yale hadi kaburini. Malcolm alikuwa na mengi ya kumzuia kuliko sisi, umaarufu wake na umri wake, naye aliinama na kufundishwa. Basi baba, mwombe mwanao akusikilize usomapo. Na wewe kijana, mzazi wako akikuuliza, mfundishe kwa adabu, bila ya kucheka.

La pili ni kuhusu ibada na mwendelezo wake. Kila mwaka tunawapokea mahujaji wetu kwa furaha na kaswida. Tunakunywa maji ya Zamzam waliyotuletea, tunakula tende, tunawaita Alhaji na Hajati. Hayo ni mema. Lakini Hijja ya mtu haipimwi uwanja wa ndege. Inapimwa mwezi wa tatu na wa nne baada ya kurudi, katika swala ya Alfajiri, dukani kwenye mizani, na katika ulimi wake anaposema na jirani waliyekosana. Malcolm alipewa miezi kumi tu baada ya Hijja yake, na aliitumia kusoma, kusafisha nia na kuwatafutia wenzake walimu. Sisi hatujui tumebakishiwa mingapi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amsamehe ndugu yetu Malik El-Shabazz makosa yake na aipokee Hijja yake. Aturuzuku nasi unyenyekevu wa kujifunza tusilolijua na uthabiti wa kudumu katika tulilolijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.